Mvua ya Manchester: Habari za Idara ya Burudani ya Televisheni ya Granada

Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Televisheni mwaka 1954, na kwa sheria hiyo likavunja ukiritimba ambao BBC ilikuwa nao tangu picha za kwanza ziliporushwa hewani katika nchi ile, ilizuka hofu kubwa miongoni mwa watu wa heshima, maaskofu wakiwa mbele, kwamba televisheni yenye kuishi kwa matangazo ya sabuni na majani ya chai ingewaharibia raia akili zao. Mamlaka iliyopewa kazi ya kuisimamia televisheni hiyo mpya, pengine kwa kuitafutia hofu hiyo dawa, ikaamua kuwa isiwe kampuni moja yenye makao London na matawi mikoani, bali yawe makampuni mbalimbali, kila moja na jimbo lake la kulitangazia, na katika majimbo makubwa mengine yapewe siku za kazi na mengine siku za mwisho wa juma. Uamuzi huo ulionekana siku zile kuwa ni jambo la makarani tu. Lakini ndio uliozaa kazi ninayokusudia kueleza habari zake, na ulipokuja kulegezwa, baada ya karibu miaka 40, ndipo kazi hiyo nayo ilipoanza kufifia.

Jimbo la Kaskazini, kwa siku 5 za Jumatatu hadi Ijumaa, alipewa Sidney Bernstein, mtu ambaye hakuwa wa Kaskazini hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1899 huko Ilford, ukingoni mwa London, na pamoja na ndugu yake Cecil alikuwa na majumba mengi ya sinema ambayo aliyaita Granada kwa kuupenda mji wa Andalusia aliowahi kuutembelea. Hapa msomaji wa pwani ataniruhusu nisimame kidogo, kwani mji huo ndio Gharnata ya Waarabu, wenye kasri ya Al-Hamra. Na ni ajabu ya ulimwengu kwamba jina la mji wa mwisho wa Waislamu katika Andalusia lilikuja kuandikwa kwa taa za umeme juu ya paa la jengo la Manchester, mji wa viwanda vya pamba na moshi wa makaa ya mawe. Bernstein alikuwa rafiki wa Alfred Hitchcock na alishirikiana naye kutengeneza filamu. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto katika siasa. Na jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba hapo kabla alikuwa miongoni mwa walioipinga televisheni ya biashara. Alipoona haiepukiki, aliomba leseni. Wengi walimwuliza kwa nini hakuigombania London yenye fedha, naye husimuliwa kuwa alijibu kwamba alitazama ramani mbili, moja ya wingi wa watu na nyingine ya wingi wa mvua, akaona kuwa mahali ambapo watu wengi hukaa ndani kwa sababu ya mvua ni Kaskazini.

Huenda ilikuwa mzaha, nami naamini ilikuwa mzaha nusu tu. Watu wa Lancashire walikuwa na desturi zao za kujifurahisha tangu kale, bendi zao za tarumbeta, vilabu vyao vya wafanyakazi, wachekeshaji wao wa pwani ya Blackpool na lahaja yao ambayo ikisikika London ilichekwa au ilisahihishwa. Na Bernstein, mgeni aliyekuwa na jicho la mfanyabiashara wa maonyesho, aliona kwamba hapo pana ghala ambayo hakuna aliyeifungua mlango.

Jengo lake alilijenga katika barabara ya Quay Street, karibu na mto Irwell, nalo lilikuwa jengo la kwanza katika Uingereza kujengwa makusudi kwa ajili ya televisheni ya biashara. Studio zake alizipa nambari za shufwa peke yake, ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea, ili mgeni apitaye vibarazani adhani kuwa za witiri nazo ziko mahali fulani. Na katika ofisi za wakubwa alitundika picha ya P. T. Barnum, yule Mmarekani bingwa wa sarakasi na hila za kuvuta watazamaji, ili kila mtayarishaji, hata awe na shahada ngapi, asisahau kuwa yumo katika biashara ya kuwafurahisha watu. Matangazo yalianza tarehe 3 Mei 1956, na usiku huo wa kwanza Granada ilifanya jambo ambalo mshindani hafanyi: ilitoa salamu za taadhima kwa BBC, mpinzani wake. Fedha zilikuwa haba. Kabla ya mwaka huo kwisha Bernstein alilazimika kufanya mapatano na kampuni ya London iliyoitwa Associated-Rediffusion, ambayo ilikubali kuibeba hasara yake kwa sharti la kuchukua sehemu kubwa ya mapato. Na biashara ilipochanua ghafla muda si mrefu baadaye, mapatano hayo yakawa mzigo mzito kwa aliyeyaomba.

Nayo burudani ilitoka wapi? Jawabu la kweli ni kwamba miaka ya mwanzo ilitoka London. Waimbaji na wachekeshaji wenye majina walikaa London, na jioni walikuwa na kazi katika majumba ya maonyesho ya huko, wala hapakuwa na msanii wa fahari aliyekuwa tayari kupanda treni kwa saa kadhaa kwenda Manchester kuimba nyimbo mbili na kurudi. Kwa hiyo Granada ilichukua jumba la kale la maonyesho katika mtaa wa Chelsea, ikalifanya studio na kulipa nambari ya 10, likahesabiwa pamoja na za Quay Street kana kwamba lilikuwa ng'ambo ya ua. Humo ndimo kilimotayarishwa kipindi cha muziki na vichekesho kilichoitwa Chelsea at Nine, na humo ndimo alimosimama Billie Holiday mwezi Februari 1959, amekonda na sauti imechakaa, miezi mitano kabla ya kufariki kwake. Humo pia ndimo kilimofanywa kichekesho cha maisha ya askari kambini, The Army Game, ambacho nchi nzima ilikipenda. Yote hayo yalikuwa mazuri, na hata hivyo hayakuwa ya Kaskazini. Yalikuwa ni mali ya London iliyopitishwa forodhani na kupigwa muhuri wa Manchester.

Mabadiliko yaliletwa na kijana wa miaka 24. Tony Warren alizaliwa pembezoni mwa Manchester, tangu utotoni akaigiza katika michezo ya watoto ya redio, kisha akaajiriwa Granada kuandika maneno ya kuvitangaza vipindi, kazi iliyomchosha mno. Mtayarishaji mmoja kutoka Kanada, Harry Elton, ambaye kwa kuwa mgeni hakuwa na kasumba ya kuidharau lahaja ya Lancashire, alimwambia aandike juu ya kitu anachokijua. Warren akaandika juu ya mtaa mmoja wa nyumba zilizoshikana, wenye baa mwanzoni na duka mwishoni, na wanawake wake wenye ndimi kali. Akauita Florizel Street. Wakubwa hawakuupenda. Walisema hakuna kisa ndani yake, hakuna mtu wa kupendeza, na matangazo ya biashara yatakimbia. Elton alitumia hila ambayo Barnum mwenyewe angeisifu: aliweka televisheni sehemu mbalimbali za jengo, akawaita wafagiaji, makarani na wapishi waje wautazame mchezo wa majaribio, akawapa na karatasi za kuandika maoni yao. Wengine waliupenda mno, wengine waliuchukia mno, na hakuna hata mmoja aliyesema kuwa haumhusu. Ndipo zikaagizwa sehemu 13 tu. Jina lilibadilishwa likawa Coronation Street, na husimuliwa kuwa sababu ni mama aliyekuwa akiandaa chai, ambaye alisema Florizel ni jina la dawa ya kusafishia vyoo.

Najua yupo atakayesema kwamba mchezo wa kuigiza si kazi ya idara ya burudani, na kweli karatasi za ofisi zilikuwa na mipaka yake, drama upande huu na burudani nyepesi upande ule. Lakini seremala aliyeijenga baa ya mtaa ule ndiye aliyejenga jukwaa la waimbaji siku ya pili, na fundi wa taa hakubadili ngazi yake kwa kuwa amehama idara. Nami naandika habari za kazi, siyo za karatasi.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchora mandhari alikwenda kuutazama mtaa halisi wa Salford uitwao Archie Street, akaurudufu ndani ya studio kwa mbao na turubai. Lakini studio haikutosha, basi nyumba zikajengwa ndogo kuliko nyumba za kweli, na waigizaji wakaambiwa watembee polepole mbele yake ili macho ya mtazamaji yadanganyike na umbali. Mawe ya barabara hayakuwa mawe, yalichorwa kwa rangi sakafuni. Tarehe 9 Desemba 1960, saa 1 ya jioni, sehemu ya kwanza ilirushwa moja kwa moja, bila kanda, bila nafasi ya kurudia neno. Na mara tu ilipokwisha, wale wale waigizaji, jasho halijawakauka, walianza kuigiza sehemu ya pili, nayo ikarekodiwa kwa ajili ya Jumatano. Hata baadaye, kurekodi kulipokuwa ndiyo kawaida, kanda ilikuwa pana ya inchi 2, ghali, na kuihariri kulikuwa ni kuikata kwa wembe na kuiunga kwa gundi, jambo ambalo wahasibu walilichukia. Kwa hiyo mwigizaji aliyesahau maneno katikati ya tukio alijua kuwa analazimisha watu 30 waanze upya, na hofu hiyo ndiyo iliyoutia mchezo ule wepesi na ukali ambao wenye nafasi ya kurudia mara 20 hawaupati.

Mhakiki mmoja wa gazeti aliandika siku ya pili kwamba mchezo huo hauna maisha. Mwaka uliofuata ulikuwa unatazamwa kuliko mwingine wowote nchini. Chama cha waigizaji kilipogoma kuanzia Novemba 1961 hadi Aprili 1962, Granada ilibaki na waigizaji wapatao 14 waliokuwa na mikataba mirefu, na waandishi wakalazimika kuandika miezi mitano ya maisha ya mtaa ambamo mleta maziwa haonekani, tarishi haonekani, wala mtoto hapiti njiani, nao wakaandika. Violet Carson, aliyekuwa hapo kwanza mpiga piano wa redio katika vipindi vya watoto, alivaa wavu wa nywele na koti zito akawa Ena Sharples, na uso wake ukajulikana kuliko nyuso za mawaziri.

Ushindi huo ulibadili mawazo ya Quay Street. Ilikuwa dhahiri sasa kwamba mtu wa Kaskazini hahitaji kupelekewa burudani kutoka London, na kwamba London yenyewe iko tayari kuletewa. Tarehe 22 Agosti 1962 kamera za Granada zilishuka ngazi za ghala moja la chini ya ardhi huko Liverpool, liitwalo Cavern, kulipiga picha kundi la vijana wanne ambalo mpiga ngoma wake mpya, Ringo Starr, alikuwa na siku chache tu tangu kujiunga. Mwangaza ulikuwa mbaya, joto lilikuwa kali, sauti ilivurugika, na filamu ikawekwa rafuni. Lakini tarehe 17 Oktoba vijana hao waliletwa studioni Manchester, katika kipindi cha jioni cha habari za mkoa kiitwacho People and Places, wakaimba moja kwa moja. Na hiyo ndiyo mara ya kwanza The Beatles kuonekana katika televisheni. Siyo London iliyowagundua. Waliitwa na kipindi cha mkoa, baina ya habari za mabaraza ya miji na za bei ya samaki, kwa sababu walikuwa watoto wa mkoa.

Katika miaka hiyo alitokea mtu ambaye jina lake limefungamana na burudani ya Granada kuliko la mtu mwingine yeyote, naye ni Johnnie Hamp. Alikuwa mtu wa London, alifanya kazi ya maonyesho katika majumba ya sinema ya Bernstein kabla ya kuhamia televisheni, na baadaye akawa mkuu wa burudani nyepesi. Mtu huyu alikuwa na sikio. Mwaka 1965 alitengeneza kipindi kizima cha nyimbo za Lennon na McCartney, nyingi zikiimbwa na watu wengine, na ndani yake Peter Sellers akaghani moja ya nyimbo hizo akiwa amevaa kama Mfalme Richard wa tatu wa Shakespeare. Lakini kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya idara ile ya kuihifadhi, kipindi hicho kizuri ningekiacha, nikachukua kingine cha mwaka mmoja kabla yake, kilichofanywa juu ya jukwaa la stesheni mbovu.

Masika ya mwaka 1964 msafara wa wanamuziki weusi wa Marekani, wapiga blues na waimba nyimbo za kanisani, ulikuwa ukizunguka Uingereza. Hamp aliwataka, ila hakuwataka ndani ya studio. Katika mtaa wa Whalley Range, kusini mwa Manchester, palikuwa na stesheni iitwayo Wilbraham Road, ambayo ilifungwa kwa abiria tangu 1958, reli zake bado zipo. Na huko ndiko alikowapeleka mafundi wake. Waliigeuza stesheni ile ya Lancashire ikawa kana kwamba ni stesheni ya Kusini mwa Marekani: wakaandika jina la uongo la Chorltonville, wakapanga magunia na marobota, wakabandika matangazo ya majambazi wanaosakwa, wakaleta kiti cha kubembea, kuku na mbuzi. Watazamaji, vijana kiasi cha 200, walipandishwa treni katika stesheni kuu ya Manchester Central alasiri ya tarehe 7 Mei, wakashushwa upande mmoja wa reli. Wanamuziki walikuwa upande wa pili. Na baina yao palikuwa na njia ya treni, kama mto baina ya vijiji viwili.

Sitaficha kwamba mapambo yale yananichoma. Marobota, kuku na kiti cha kubembea ni Kusini ya ndoto za mzungu, wala siyo ile ambayo watu hawa waliikimbia. Na Muddy Waters, mwanamuziki wa Chicago, mwenye gitaa la umeme na suti iliyopigwa pasi, alipangiwa aje akitembea na sanduku mkononi kama kibarua anayesaka kazi. Alitembea, akaimba, na kwa namna alivyoimba mapambo yakabaki kuwa mbao na karatasi. Hapo ndipo aonekanapo msanii: seremala alimpunguza, naye akajirudishia kimo chake mbele ya macho ya watu.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya Manchester, ile ile ya ramani ya Bernstein, na ilinyesha juu ya jukwaa la stesheni penye waya za umeme na vipaza sauti, ambapo kila fundi ajua hatari yake. Zamu ilikuwa ya Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant katika jimbo la Arkansas mwaka 1915, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akilitia gitaa katika nyimbo za ibada kwa mtindo ambao vijana wa rock waliuiga baadaye bila ya kumtaja. Alifika kwa gari la kukokotwa na farasi, amevaa koti zito, akashikwa mkono na mwenzake Cousin Joe, akalipita dimbwi kwa madaha kama bibi harusi, akajivika gitaa lake jeupe la Gibson. Hamp alisimulia baadaye kwamba bibi huyo alimwomba ruhusa abadili wimbo wa kufungulia. Wimbo alioutaka ulikuwa Didn't It Rain, wa kale, wa kisa cha gharika ya Nabii Nuhu.

Falau mtayarishaji angekuwa mtu wa kushika ratiba, angemkatalia, kwa kuwa kamera zilikwisha pangwa na taa zilikwisha pimwa kwa wimbo mwingine. Hamp alikubali. Na hapo, msomaji, ndipo kilipopatikana kile ambacho idara nzima ya mafundi haiwezi kukitengeneza hata ipewe fedha za namna gani: mwanamke wa makamo amesimama katika baridi ya Mei, mvua inapiga nyuma yake, anaimba habari za mvua, anapiga gitaa la umeme kwa nguvu ambayo hata ukimtazama leo huamini, na ng'ambo ya reli vijana wa Lancashire, nywele zimewalowa, wanapiga makofi wakijaribu kuufuata mdundo ambao hawakulelewa nao. Kipindi kilirushwa mwezi Agosti mwaka ule. Kanda nyingi za burudani za miaka hiyo, katika televisheni zote za Uingereza, zilifutwa ili zitumike tena, kwa sababu kanda ilikuwa na thamani na kilichomo ndani hakikuonekana kuwa nayo, lakini hii ilinusurika.

Miaka ya 1970 idara ya Hamp iligeuza uso kwenye vilabu vya wafanyakazi, na huko ilipata mali nyingi na lawama nyingi. Kipindi cha The Comedians, kilichoanza mwaka 1971, kilikuwa cha usanifu mwepesi: waliitwa wachekeshaji wa vilabu, watu ambao hawajawahi kuonekana katika televisheni, kila mmoja akapewa nafasi ya kumaliza vichekesho vyake vyote mbele ya hadhira, kisha mhariri akakatakata na kuchanganya, kichekesho cha huyu kikifuatwa mbio na cha yule, katikati bendi ya banjo. Mtu aliyekesha miaka 20 kwenye kumbi za moshi akawa maarufu kwa wiki 6, na akaona pia kwamba vichekesho vilivyomlisha miaka 20 vimekwisha katika wiki hizo 6. Mmoja wao alikuwa Charlie Williams, Mwingereza mweusi wa Yorkshire, aliyewahi kuwa mchimba makaa na mchezaji wa mpira wa Doncaster Rovers, ambaye alizoea kuwatisha wazomeaji kuwa wasiponyamaza atahamia nyumba ya jirani yao. Watu walicheka sana. Wenzake nao, Bernard Manning akiwa mbele yao, waliwafanyia mzaha wahamiaji wa Kihindi na wa Karibi kwa maneno ambayo leo hayatamkiki, na mimi sioni njia ya kuwatetea kwa kusema kuwa ndiyo desturi ya zama zile, kwani katika zama zile zile wahamiaji hao walikuwamo sebuleni mwao Manchester, wakitazama.

Baadaye, mwaka 1974, ilikuja The Wheeltappers and Shunters Social Club, klabu ya uongo iliyojengwa studioni ikapewa jina la kazi mbili za reli: wale wapigao magurudumu kwa nyundo ili wasikie kama yana ufa, na wale wapangao mabehewa. Meza zilipangwa, bia ilikuwa bia, moshi ulikuwa moshi, na mwenyekiti, mchekeshaji Colin Crompton mwenye kofia yake bapa, alipiga kengele katikati ya wimbo wa mgeni aliyesafirishwa kutoka Marekani ili atangaze habari za mikate ya nyama. Ilikuwa dhihaka, lakini dhihaka ya mtu anayeijua nyumba anayoidhihaki.

Sina haja ya kukawia kwenye mashindano ya maswali, ingawa University Challenge, iliyoanza mwaka 1962 na kuongozwa na Bamber Gascoigne miaka 25, ilikuwa ni kazi ya Granada, wala kwenye tamthilia kubwa za miaka ya 1980, Brideshead Revisited na The Jewel in the Crown, ambazo zililipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za matangazo yaliyozunguka mtaa ule wa mawe ya rangi. Mtaa wenyewe ulikuwa umehamia nje tangu 1968, kwa mbao kwanza na kisha kwa matofali. Na Mei 1982 Malkia Elizabeth alifika kuufungua ule mpya, akatembea katika barabara ambayo haiendi popote, akiamkiwa na watu wasiokuwapo.

Kilichovunja mpango huu wa majimbo kilitoka pale pale ulipotoka, yaani bungeni. Mipaka iliwahi kuguswa mwaka 1968, Yorkshire ilipotengwa ikapewa kampuni yake na Granada ikabaki na Kaskazini Magharibi kwa siku zote 7, na hilo halikudhuru kitu. Lakini Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990 iliamuru leseni zinadiwe. Mwaka 1991 Granada iliandika pauni milioni 9 kwa mwaka, na mshindani wake akaandika milioni 35. Granada ilishinda kwa sababu mamlaka iliona mipango ya mshindani haikutimiza kipimo cha ubora. Waliosherehekea hawakusherehekea muda mrefu, maana miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1992, mwenyekiti David Plowright, aliyeingia katika kampuni mwaka 1957, aliondolewa na wakubwa wapya waliotaka faida zaidi, na mkubwa wao alitoka katika biashara ya chakula cha kantini. Sheria ilipolegezwa tena makampuni ya majimbo yakaanza kumezana: Granada ikaimeza ya London ya siku za mwisho wa juma mwaka 1994, ikaimeza ya Yorkshire mwaka 1997, na Februari 2004 ikaungana na kampuni ya Carlton, zikawa moja iitwayo ITV, yenye makao London, ambayo ndiyo kampuni ile ile moja ambayo watu wa 1954 waliikwepa. Mshangao wangu si kwamba mpango wa majimbo ulikufa, bali kwamba jimbo lililokuwa na nguvu kuliko yote ndilo lililoyazika mengine, na kwa kuyazika likajizika na lenyewe.

Coronation Street inaendelea hadi leo, na mwigizaji William Roache, aliyekuwamo katika sehemu ile ya kwanza ya Desemba 1960, ameigiza ndani yake kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2013 Quay Street iliachwa, kazi ikahamia kwenye majengo mapya kando ya mfereji wa meli wa Manchester, na taa za jina la Gharnata zilikuwa zimekwisha kushushwa paani hapo kabla. Stesheni ya Wilbraham Road haina treni. Mabehewa ya mizigo yaliacha kupita mwaka 1988, reli zikang'olewa, na njia ile sasa ni ya baiskeli na waendao kwa miguu, ikipita chini ya miti pale pale aliposimama Rosetta Tharpe.